Mrejesho: Hisabati na kompyuta kwa mwanafunzi wa sekondari

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kama binti yangu aliyeko sekondari asome hisabati na kompyuta kwa pamoja, au aache somo mojawapo ili asilemewe. Wengi mlinishauri asiache lolote bali ayaunganishe, na ndivyo alivyofanya. Nawashukuru kwa dhati.

Lililomfaa zaidi ni pendekezo la kuandika programu fupi kwa kila mada ya hisabati anayofundishwa. Alianza na namba tasa: programu yake iliigawa 9973 kwa kila namba ndogo kuliko hiyo, kuanzia 2, ndipo ikatangaza kuwa ni tasa. Mwalimu wake alipomuuliza kwa nini asiishie kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo, alichukua kalamu na karatasi (jambo ninalolithamini kuliko programu yenyewe) hadi akajithibitishia kwamba kigawo chochote kinachozidi kipeuo hicho lazima kiwe na mwenzake aliye mdogo kuliko kipeuo, hivyo kufika 99 kunatosha.

Baadaye alitumia kanuni ya Euclid (kugawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki, na kuendelea hivyo hadi baki liwe sifuri) kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 1071 na 462, akapata 21 kwa kugawanya mara 3 tu.

Uthibitisho wa jiometri bado unampa shida, na hapo kompyuta haijamsaidia sana. Mwalimu amemwelekeza achore na kueleza kila hatua kwa maandishi. Ameamua kuendelea na masomo yote mawili.