Jirani anataka nitie saini kuwapinga Matravela, nifanyeje?

Mama Nasra:
Habari zenu ndugu. Nina miaka sita Uingereza, kazi yangu kulea wazee, naishi kijiji kimoja huku Essex. Jumamosi alikuja jirani yangu, bibi mwema mno, ndiye anayenichukulia Nasra shuleni nikiwa zamu ya mchana. Ana karatasi. Familia ya Matravela, jamii yenye desturi ya kuhamahama na kuishi kwenye karavani (nyumba za magurudumu), imenunua kiwanja cha farasi nyuma ya kanisa na inaomba kibali cha kuweka karavani nne. Karatasi inapinga. Majina yalishafika 41, nimeyahesabu mwenyewe chai ikipoa mezani. Akaniambia, "sisi wa hapa tusimame pamoja". Mimi wa hapa! Tangu lini?

Shida ni kwamba Nasra anakaa dawati moja na binti wa familia hiyo. Nimeomba niachiwe karatasi niisome, iko juu ya friji. Anairudia Alhamisi.

Kijana wa Mvita:
Dada, tia saini ulale. Hao walimmwagia mjomba wangu lami uani kwa pauni 900, mvua ya kwanza tu ikaondoka yote. Simu hawapokei mpaka leo.

Fundi Mstaafu:
Mvita, mimi nililizwa Kariakoo na mtu wa kabila langu. Nilifukuze kabila zima?
Mama Nasra, hili jambo lina historia. Sheria ya 1968 ilizilazimu halmashauri kuwatengea viwanja vya karavani. Mwaka 1994 ulazima huo ukafutwa. Sasa wakiegesha kando ya barabara wanafukuzwa, wakanunue ardhi yao, wakishanunua ardhi, kibali hawapati. Chukua Dale Farm, makazi ya Matravela huko huko kwako Essex: ardhi ilikuwa yao, kibali hawana, na Oktoba 2011 polisi wakaingia, familia kama 80 zikatolewa. Walipotolewa mle walienda wapi? Kando ya barabara.

Binti Kilindini:
Kwanza, ni Matravela wa Ayalandi au Wajipsi wa Kiromani? Watu wanawachanganya, lakini asili zao mbali kabisa. Wa Kiromani walitoka India karne nyingi nyuma, na wazee wao bado maji huyaita "pani". Sisi tuliokulia na Wahindi Mombasa tunacheka tukisikia.
Wote wawili wanalindwa na Sheria ya Usawa ya 2010, kama wewe na mimi.
Halafu la muhimu: pingamizi hizi kwa kawaida huwekwa wazi, mtu yeyote anasoma. Hata baba wa rafiki yake Nasra. Na halmashauri haiangalii nani kamchukia nani, inaangalia barabara, maji taka, mafuriko. Kama una hoja ya barabara andika barua yako. Kama huna, hiyo karatasi irudi kama ilivyokuja.

Mama Nasra:
Ni wa Ayalandi.
Jana kaja. Nimemwambia nimeisoma yote, mstari wa tatu unasema "wezi", jina langu sitaliweka chini ya neno hilo. Kaikunja karatasi mara nne, kaitia mfukoni, kaniambia ananielewa. Chai hakuimaliza.
Jumatatu nina zamu ya mchana na hajasema lolote kuhusu kumchukua Nasra. Kuna anayemjua mlezi wa watoto upande wa Basildon?