Mrejesho: ile bastola ndogo ya bei nafuu niliyoiulizia

Wakuu, salama? Niliuliza kama bastola ndogo ya 9mm ya bei chee inaaminika kubeba kiunoni, maana jioni huwa narudi Moshi na hela za mahindi. (Kibali ninacho, msianze.) Wengi mlisema nisiiamini kabla haijala risasi 200.

Basi nimeenda nayo kwenye shabaha mara tatu. Siku ya kwanza, katika risasi 50, ilikwama mara mbili: slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) nusu wazi, risasi imenasa pua juu mdomoni mwa chemba, yaani pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Nikaona nimeliwa. Ninazo magazini mbili (vile vikasha vya kujazia risasi), na mzee mmoja pale akauliza, "Magazini ipi hiyo?" Sikujua! Nikazitia alama kwa rangi ya kucha ya mama watoto, na siku ya pili ikakwama tena, ileile yenye doa jekundu. Nikaitenga. Nyingine imekula risasi 180 bila kukwama, zikiwemo za aina ninayokusudia kuibeba nayo.

Kifyatulio ni kizito kama kuvuta ndoo kisimani, lakini kwa silaha ya kiunoni sijali. Nimeagiza magazini mpya. Ikifika, naijaribu nayo kwanza. Kwa sasa bastola inalala kwenye sefu.