Oveni ya wati 3,000 kwenye banda la uani, mita 40 kutoka nyumbani: ekstensheni, waya wa soketi, au DB (sanduku la breka) ndogo?

Mwokaji_Uani
Habari wakuu. Oveni ya mikate wati 3,000 na birika la wati 2,000 vinahamia banda la uani. Kutoka DB ya nyumba hadi banda ni mita 40. Umeme ni fezi moja, breka kuu 63A, ethi ni rodi iliyochimbiwa nyuma ya nyumba. Kuna njia nne: ekstensheni ya kuviringisha ya mita 50, waya wa 2.5 mm² kutoka soketi ya jikoni, kebo ya chini ya ardhi na DB ndogo bandani, au sola. Ipi ifanyike?

Milimita6
Ekstensheni itoe kwenye orodha. Nyingi zina waya wa 1.25 mm². Ukiivuta yote mita 50 ukawasha oveni peke yake, kule mwisho zinafika kama volti 208 badala ya 230, oveni inapata wati 2,450 hivi, na wati zaidi ya 250 zinageuka joto ndani ya waya. Huo waya ukiwa umebaki kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na plastiki inaanza kugandana tabaka kwa tabaka. Soma kibandiko pembeni ya gurudumu: kuna namba mbili, ya waya uliokunjuliwa na ya waya uliokunjwa, na hiyo ya pili mara nyingi haifiki hata wati 1,000.

Kuvuta 2.5 kutoka soketi ya jikoni nako ni balaa. Oveni na birika pamoja ni 5,000 ÷ 230, karibu 22A, na friji bado iko kwenye laini hiyo hiyo. Breka ya 20A itavumilia kidogo kisha ianguke. Fundi wa haraka ataitoa aweke ya 32A, "isisumbue". Hapo ndipo moto unapoanzia, maana breka inalinda waya, hailindi oveni.

Mwokaji_Uani
Basi laini yake peke yake kutoka DB, kwa 2.5 hiyo hiyo?

Milimita6
Piga hesabu ya volti zinazopotea kwa 22A na mita 40. 2.5 mm² inapoteza karibu volti 16. 4 mm² karibu 10. 6 mm² kama 6.5, chini ya asilimia 3. Chukua 6 mm² ya shaba, breka ya 32A. Tofauti ya bei kati ya 4 na 6 ni ndogo kuliko gharama ya kufukua mtaro mara ya pili.

Dukani, waya wa 6 uliosokotwa una nyuzi 7, kila moja milimita 1.04, wa 4 una nyuzi 7 za 0.85. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Rodi_Kavu
Watu wanazungumzia unene wa waya wanasahau ethi, na ethi ndiyo inayoua. Mfano: rodi yako ina ukinzani wa omu 20, ambayo kwa udongo wetu si mbaya. Laivu ikigusa bodi ya oveni, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 ÷ 20, yaani 11.5A. Breka ya 32A haishtuki kabisa. Bodi inakaa na umeme mpaka mtu aishike. Kwa hiyo RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya 30 mA bandani ni lazima. Yenyewe hata rodi ikiwa na omu 100 inakata.

Kitu kinachosahaulika: RCCB ya bandani hailindi kebo iliyo kabla yake. Jembe likitoboa kebo katikati ya uwanja, unahitaji RCCB nyingine upande wa nyumba, ya 100 mA yenye kuchelewa, ili hitilafu ya bandani ikate bandani tu.

Kebo iwe ya kuzikwa, yenye nyaya za chuma kuizunguka, kina cha sentimita 60, mchanga chini na juu, utepe wa onyo kabla ya kufukia. Kama banda litakuwa na rodi yake, zile nyaya za chuma zifungwe ethi upande wa nyumba tu.

Jua_Kali_48V
Kuhusu sola: oveni ikivuta wati 3,000 kwa saa 2 ni yuniti 6. Betri ya lithiamu ya 48V 100Ah inabeba kama 5. Kweli, themostati hukata na kuwasha, hivyo matumizi halisi yatakuwa chini, lakini bado utahitaji inveta ya kW 5 na betri mbili. Kwa kuoka tu, hailipi.

Mwokaji_Uani
Sawa, DB ndogo. Oveni ichomekwe kwenye soketi ya kawaida ya 13A?

Milimita6
3,000 ÷ 230 ni 13A kamili, plagi inafanya kazi ukingoni kwa saa nzima. Kishikio cha fyuzi kikipwaya kidogo, plagi inakuwa ya kahawia upande huo. Weka swichi ya jiko, uunge oveni moja kwa moja, kwa breka yake ya 20A. Birika libaki kwenye soketi.

Rodi_Kavu
Na kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania), apime insulesheni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) kwa 500V kabla ya kuwasha. Ikisoma chini ya megaomu 1, asiwashe.

Mwokaji_Uani
RCCB ikikata kila oveni inapowashwa?

Rodi_Kavu
Kwanza kagua kama nyutro na ethi zimeunganishwa ndani ya DB ya bandani, zitenganishwe. Kama ziko sawa na oveni ilikaa miezi bila kutumika, elementi (sehemu inayotoa joto) imevuta unyevu. Fundi aitoe, aikaushe, aipime tena. Usikubali kamwe RCCB irukwe "kwa muda".