Ofisi za kazi mseto: meza mnazipima kwa wastani, sauti mmeisahau kabisa

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, ila kila kitu humu kinapimika. Anayebisha aje na futi na kipima sauti.

Kampuni zimekubali watu wafanye kazi siku kadhaa nyumbani na kadhaa ofisini. Vizuri, tena ushahidi upo. Jaribio la Trip.com, kampuni ya kuuza safari mtandaoni kule China, lililochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2024, lilihusu wafanyakazi 1,612. Kundi lililoruhusiwa siku 2 za nyumbani kwa wiki, walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja na utendaji haukushuka. Kwa hiyo sibishani kama mfumo unafaa. Nalalamikia majengo. Mfumo umebadilika, halafu ofisi zinachorwa na watu ambao swali lao la kwanza ni mita ngapi za pango zitaokolewa.

Uharibifu unaanzia kwenye hesabu ya meza. Chukua ofisi ya watu 200. Jumatatu wanakuja 80, Jumanne 140, Jumatano 120, Alhamisi 120, Ijumaa 40. Jumlisha, gawa kwa 5, unapata 100 kamili, na mchoraji anaweka meza 100. Kwenye karatasi zimetosha. Jumanne watu 40 hawana pa kukaa: wanaishia jikoni, kwenye ngazi, wengine wanafungua laptopu juu ya kabati la printa. Ijumaa meza 60 ziko tupu, bosi anapita na kusema hata hizi ni nyingi mno. Watu hawajigawi sawasawa kwa wiki na hawatajigawa kamwe, kwa sababu mtu anakuja siku ambayo wenzake wapo. Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kuja! Kumbukumbu za kadi za mlangoni mnazo. Chukueni za wiki 12, toeni wiki za sikukuu, tazameni siku iliyojaa kuliko zote, ongezeni asilimia 10. Kwa mfano huu ni meza 154, na bado mmeokoa 46. Tena pimeni kwa timu, si kwa jengo zima. Meza tupu za watu wa mauzo ghorofa ya tatu hazimsaidii mhasibu anayetaka kukaa na wenzake ghorofa ya kwanza.

Kuna na ujanja wa kuhesabu masofa kama sehemu za kazi, ndipo mchoro unaonyesha "nafasi 160". Kiti cha sofa kina kimo cha sm 40 hivi, na meza ya kahawa iliyo mbele yake ni sm 40 hadi 45. Meza ya kazi ni sm 72 hadi 75. Laptopu ikiwa usawa wa magoti, shingo inainama, mabega yanakuja mbele, na saa moja haiishi kabla mgongo haujaanza kulalamika. Sofa ni pa kupiga soga dakika 20. Msituhesabie.

Sasa sauti, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ofisi ya zamani watu walikuwa kimya au wanaongea na jirani. Leo nusu ya timu iko nyumbani, kwa hiyo kila aliyeko ofisini yuko kwenye mkutano wa video, na aliyevaa visikilizi hupaza sauti bila kujijua. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60 ukiwa mita 1. Lakini kinachokula akili si ukubwa wa sauti, ni kuyaelewa maneno. Kelele ya feni unaizoea. Jirani akisema "mkataba ule tumewanyima", ubongo unasikiliza utake usitake. Ndiyo maana kiwango cha ISO 3382-3 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango) kinapima umbali ambao maneno ya mwenzako yanaacha kukuvuruga. Toleo lake la 2012 liliweka wazi kabisa: mita 5 au chini ya hapo ni ofisi nzuri, zaidi ya mita 10 ni mbovu. Muulize anayekuuzia mchoro namba hiyo kwake ni ngapi. Atakuonyesha rangi ya mazulia.

Na fasheni inafanya kinyume cha kila kinachotakiwa. Dari linavuliwa ili zege na mabomba vionekane, zulia linang'olewa ili sakafu ing'ae, kuta zinageuzwa vioo. Halafu watu wakilalamika, zinabandikwa paneli sita za kitambaa ukutani karibu na mapokezi. Mpangilio sahihi unajulikana. Anza na dari linalonyonya sauti, kwa sababu sauti inapanda, inaruka kizuizi cha meza na kurudi chini upande wa pili. Pili, vizuizi kati ya meza vifike angalau mita 1.4 kutoka sakafuni: mdomo na sikio la mtu aliyekaa viko kwenye mita 1.2, na vile vya mita 1.1 mnavyoweka vinaficha kibodi tu. Tatu, mnong'ono wa usuli, yaani sauti laini ya kudumu isiyo na maneno, wa desibeli 40 hadi 45 kutoka spika za darini, uliosambaa sawa, ili maneno ya mbali yamezwe. Vitatu kwa pamoja. Ukiweka mnong'ono bila dari, watu wanaongea kwa nguvu zaidi kuushinda na umeharibu zaidi.

Vibanda vya simu navyo, jamani. ISO 23351-1 ya mwaka 2020 inavipanga kwa madaraja kulingana na desibeli za maongezi kinazozuia: daraja A ni 30 hadi 33, B ni 25 hadi 30, C ni 20 hadi 25. Kilicho chini ya B kipo kwa ajili ya picha, maana aliye nje bado anaweza kudaka maneno. Na hata cha daraja A kinaporomoka kikifungwa vibaya. Sakafu ikiwa haijalala sawa na miguu ya kibanda haijarekebishwa, mlango unakaa upande, mpira wa chini haugusi, na sauti yote inatoka kwenye ule mwanya. Jaribu kwa karatasi: funga mlango nayo ikiwa kati ya mpira na fremu, vuta. Ikitoka kirahisi, hapo panavuja.

Hewa ni balaa zaidi. Mtu mmoja aliyekaa anatoa takriban lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa. Kibanda cha mita 1 kwa 1 kwa kimo cha 2.1 kina lita 2,000 na kidogo. Nusu saa bila feni umemwaga lita 9, yaani umepandisha kiwango kwa zaidi ya sehemu 4,000 kwa milioni, wakati hewa ya nje ina kama 420. Halafu mnashangaa mtu anatoka na kichwa kizito. Ili kiwango kibaki karibu na 1,000, feni lazima ibadilishe takriban mita za ujazo 30 kwa saa. Nyingi zilianza na uwezo huo, ila kichujio hakisafishwi kwa sababu hakuna aliyepewa hiyo kazi. Mbaya zaidi ni feni iliyounganishwa na kihisi mwendo. Mtu akitulia anasikiliza mkutano, kihisi kinaona hakuna mtu, taa inazima na feni inazima, naye anapunga mikono gizani. Wekeni kihisi cha uwepo au swichi ya kawaida. Kwa maoni yangu, kibanda 1 kwa kila meza 10 ndicho kiwango cha chini. Wengi wanaweka 2 kwa ghorofa nzima.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vyumba vya mikutano: chumba cha watu 12 kina mtu mmoja ndani anapiga simu, na timu ya watu 5 imesimama nje. Kateni hicho chumba mpate vidogo vitatu.

Hata chumba kinapotumika inavyotakiwa, kimejengwa kwa walio ndani tu. Meza ndefu, skrini mwisho mmoja, kamera juu ya skrini karibu na dari. Aliyeko nyumbani anaona vipara na pua za wawili wa mbele, na anayeongea mwisho wa meza yuko mita 5 kutoka maikrofoni. Kamera ikae usawa wa macho ya waliokaa, mita 1.1 hadi 1.2. Meza iwe nusu duara au pana upande wa skrini ili wasizibane. Maikrofoni isiwe zaidi ya mita 2 kutoka kwa yeyote. Kuta mbili zinazopakana zivikwe kitu cha kunyonya sauti, maana vioo viwili vinavyotazamana vinarushiana sauti. Na msidanganywe kwamba programu itaondoa mwangwi. Inaondoa sauti ya spika yake isirudi kwenye maikrofoni. Mvumo wa chumba kwenye sauti ya msemaji haiwezi kuufuta vizuri.

Meza za kushirikiana nazo zinakatwa hadi sm 120 kwa 60. Stendi ya skrini inakula sm 20 hadi 25 za kina, macho yanabaki chini ya sm 50 kutoka kwenye skrini. Basi fungeni mkono wa kushikilia skrini ukingoni mwa meza. Kebo ya USB-C ifungwe mezani, iwe ya kubeba picha na umeme wa wati 100, si zile za kuchajia simu zinazofanana nayo kwa macho. Kebo moja mbovu inakula dakika 15 za kila anayekaa pale, kila siku.

Programu ya kuweka nafasi: asiyethibitisha ndani ya dakika 15, nafasi iachiwe. Zuieni kuweka nafasi za kujirudia mwaka mzima, ndizo zinazofanya ghorofa ionekane imejaa wakati hakuna mtu. Vihisi vya chini ya meza vikiwekwa, wafanyakazi waambiwe, na vihesabu viti, visimfuatilie mtu.

Na hakuna la ajabu hapa. Kampuni ya matangazo ya Chiat/Day iliondoa meza za kudumu Los Angeles mwaka 1994. Watu wakaanza kugombania na kuficha laptopu na simu za kuazima, na ndani ya miaka michache waliachana na mpango huo. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walionyesha kwamba baada ya kampuni mbili kuhamia ofisi za wazi, maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70. Mnatuita ofisini "tushirikiane", mnatuweka mahali ambapo kila mtu anajifungia kwenye visikilizi.

Mfanyakazi wa sasa ana mlango wa kufunga nyumbani, ana kiti chake na skrini yake. Hicho ndicho analinganisha nacho kila anapoamua kupanda basi.

Wasanifu na wakandarasi mliomo humu, tiririkeni: nani yuko tayari kuandika kwenye mkataba kwamba sauti na hewa vitapimwa baada ya watu kuhamia, na malipo ya mwisho yasubiri majibu?