Naomba ushauri: kuwaongoza walimu kwa maswali badala ya maagizo
Ndugu walimu na wakuu wa shule, habari za kazi. Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya serikali wilayani Temeke, na ningependa kuwaongoza walimu wangu kwa maswali yatakayowafanya wafikiri wenyewe, badala ya kuwapa maagizo kila kukicha. Nimesoma hatua nne za mazungumzo ya aina hiyo, alizozieneza Mwingereza John Whitmore, mwandishi wa masuala ya uongozi, yaani lengo, hali halisi, njia zilizopo na nia ya kutenda, nazo kwenye karatasi hazina ugumu wowote. Ugumu uko ofisini: baada ya kumwangalia mwalimu akifundisha hisabati Kidato cha Pili, namuuliza amekionaje kipindi chake, naye anafungua daftari, kalamu mkononi, na kunijibu, "Sema tu, mkuu, nitarekebisha." Simlaumu, kwa kuwa anajua kwamba mwisho wa mwaka mimi ndiye nitakayempima utendaji wake. Je, mliowahi kutumia njia hii, mmeyatenganishaje mazungumzo hayo na tathmini? Na je, ni busara kuanza na wakuu wa idara, ili wao ndio wakae na walimu wenzao?