Pemba hadi Muscat: masafa ni kilomita ngapi, na ndege huchukua saa ngapi?

Mwana wa Vitongoji
Assalamu alaykum. Mama anakwenda Muscat kwa mwanawe, atatokea Chake Chake. Tikiti ya Unguja–Muscat inasema kuondoka 14:30, kufika 20:45. Hizo ni saa sita na robo. Kurudi ni Jumamosi 01:30, kufika 05:45, saa nne na robo! Wakala anasema kwenda ni saa tano na robo, na kurudi vile vile. Tumsadiki? Na ndege ya Chake–Unguja, tukate ya asubuhi siku ile ile? Ana kilo 30.

Msoma Ramani
Wa alaykum salaam. Wakala yuko sawa. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, na tikiti huandika saa ya pale ndege ilipo. 20:45 ya kule ni 19:45 kwetu, yaani saa 1:45 usiku. Toeni 14:30, inabaki tano na robo. Kurudi ni kinyume: 05:45 ya kwetu ni 06:45 ya kule. Toeni 01:30, inabaki tano na robo vile vile.

Masafa ya Unguja–Muscat kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,900. Jeti ikishatulia juu hukata 800 na zaidi kwa saa, ila kupanda, kushuka na kutambaa kiwanjani hula kama nusu saa. Kutoka Chake ingekuwa kama 3,780, maana Pemba iko kaskazini zaidi, lakini kiwanja cha Pemba ni kifupi kwa jeti kama hizo. Kwa hiyo atarudi kusini kwanza, kilomita 125.

Bi Karafuu
Siku ile ile msikate, nakusihini. Ndege ndogo ya viti 12 hivi hufika Unguja kwa dakika 30, lakini mvua ikifunga inasubiri, na masika ndiyo kabisa. Tikiti zikiwa mbili mbali mbali, akiikosa ile kubwa hasara ni yake, kwani shirika la pili halihusiki na ucheleweshaji wa la kwanza. Alale Unguja.

Mizigo nayo: ndege ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15, na begi la mkononi mara nyingi huhesabiwa humo humo. Kilo 30 ni za ile kubwa. Boksi la ziada lipande boti Mkoani siku mbili kabla, apokee mtu Malindi, bandarini Unguja. Safari za nje zinatokea Jengo la Tatu (Terminal 3) la kiwanja cha Unguja, si pale atakaposhukia, basi awepo saa 5:30 asubuhi.

Msoma Ramani
Nimeiona sasa hiyo ya kurudi, na hapo ndipo watu wengi huachwa. Jumamosi 01:30 ni saa 7:30 usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi. Awe kiwanjani Muscat Ijumaa saa 4:30 usiku. Akienda Jumamosi jioni, ndege imeshaondoka tangu jana yake usiku. Mwambieni kwa hesabu ya wazee: jua likishazama Ijumaa, usiku ule ni wa Jumamosi. Hapo hatokosea.

Mwana wa Vitongoji
Allah akulipeni kheri. Mwanawe kule alishapanga kumpeleka Jumamosi usiku, nimempigia sasa hivi. Ya Chake tunaihamishia siku ya kabla, asubuhi. Je, boksi la karafuu linahitaji kibali kutoka Pemba?

Bi Karafuu
Karafuu msifunge kabla ya kuuliza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pale Chake. Biashara yake ina sheria, na bandarini hukaguliwa.