Familia ya Kibosho: drili ya Mama Neema

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Niko Mbuyuni sokoni, hela ninayo, nataka drili ya betri. Muuzaji kanitolea mbili. Ndogo imeandikwa 12V, kubwa imeandikwa 88V, bei hazipishani sana. Nibebe ya 88?

Eli Arusha: Beba hiyo dada! Ni mara saba ya mwenzake.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Usitoe hela kwanza. Omba chaja ya hiyo 88, igeuze nyuma, kuna maandishi madogo. Nisomee palipoandikwa OUTPUT.

Mama Neema: 21V

Baba Mdogo: Haya. Ndani ya betri hiyo mna seli tano za lithiamu. Seli moja ikijaa inafika 4.2V, zidisha kwa tano, unapata 21. Ikiwa kazini wastani wake ni 3.6V, mara tano ni 18. Ndiyo maana kampuni moja inaandika 18V, na nyingine inaandika 20V kwa kuhesabu betri ikiwa imetoka kwenye chaja, na betri ni za seli tano zote. 88 imeandikwa kwenye ganda tu, ndani haipo.

Eli Arusha: Baba Mdogo, yangu imeandikwa 48V, nimeikagua sasa hivi. Chaja inasema 21V 😳

Baba Mdogo: Sijasema ni mbovu, Eli. Inaweza kukufanyia kazi miaka. Nasema mtu asilipie namba. Mama Neema, unataka kufanya kazi gani nayo?

Mama Neema: Vyuma vya mapazia, rafu ya jikoni, na kabati la Neema lile la kuunganisha mwenyewe. Mapazia ndiyo yananiumiza. Kijana mmoja alikuja wiki jana na drili ya betri, akatoboa juu ya dirisha. Likatoka vumbi jeupe, likaja la kijivu, halafu biti ikaanza kulia. Kasukuma mpaka ncha ikawa ya bluu na harufu ya kuungua imejaa sebule. Shimo lenyewe halizidi ukucha. Akasema ukuta wangu una jiwe.

Baba Mdogo: Hakuna jiwe. Ile ni linta. Nyumba zetu nyingi linta inazunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, zege na nondo. Jeupe ni skimu, ule upako laini wa juu, kijivu ni plasta, baada ya hapo umelifikia zege lenyewe. Tofali la bloku lingetoboka kwa dakika moja.

Mama Neema: Kwa hiyo nikinunua yenye nguvu zaidi?

Baba Mdogo: Hapana, na hapo ndipo watu wanapoteza hela. Drili ya betri yenye alama ya nyundo inabisha kwa visahani viwili vya chuma vyenye meno yanayorukiana. Kwa tofali inatosha kabisa. Kwa zege inataka ile kubwa ya waya, ambayo biti zake zina mifereji mkiani. Ile ina pistoni ndani, inapiga biti kweli, wewe unaishikilia tu. Usiinunue kwa mashimo manane. Ninayo, nitakuja nayo kwako Pasua.

Baba Mdogo: Sasa ya kununua. Tafuta ya 18V au 20V yenye michoro mitatu kwenye pete: skrubu, biti, nyundo. Mdomo wa kushika biti uwe wa milimita 13 ukipata, 10 siyo mbaya. Betri MBILI za 2.0Ah (Ah ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) kuliko moja ya 4.0Ah, moja ikiwa kwenye chaja nyingine iko kazini, na umeme ukikatika bado una moja. Yenye mota isiyotumia brashi za kaboni (brushless) ni bora ila bei inapanda, kwa kazi zako siyo lazima. Halafu muulize muuzaji: betri hii peke yake unayo dukani? Akisema hana, tafuta nyingine. Mota inakaa, betri ndiyo inakufa mapema.

Shangazi Rau: Nami niulize. Yangu niliiweka uvunguni mwaka mzima. Nilikuwa nafunga bawaba, skrubu ilipofika mwisho ikalia krrr krrr, nikajua gia zimekatika.

Baba Mdogo: Dada, ile haikuharibika! Pete yenye namba ndiyo inafanya hivyo. Skrubu ikishakaza inaachia, isivunje kichwa wala kuchimba mbao. Namba ndogo kwa skrubu ndogo na mbao laini, unapanda taratibu. Ukitoboa ndipo unaweka kwenye mchoro wa biti, haiachii tena.

Eli Arusha: Mimi nilifunga kabati la chipubodi nikiwa kwenye mchoro wa biti. Skrubu zote za bawaba zilizunguka bure, mlango unaning'inia mpaka leo.

Baba Mdogo: Toboa upya pembeni kidogo, biti iwe nyembamba kuliko skrubu. Ukifunga skrubu, pete ianzie namba 3 au 4.

Shangazi Rau: Nimeitoa uvunguni. Naichomeka, taa ya chaja inawaka nyekundu inazima.

Baba Mdogo: Uliiweka ikiwa imeisha?

Shangazi Rau: Imeisha kabisa.

Baba Mdogo: Pole dada. Lithiamu ikikaa tupu muda mrefu seli zinashuka chini ya kiwango na chaja inakataa, kwa usalama. Usimruhusu mtu aiamshe kwa waya wa betri ya gari, inaweza kuwaka moto. Nunua betri tu, mashine yako ni nzima. Hiyo mpya usipoitumia iweke ikiwa na chaji nusu, mahali pa baridi, siyo stoo ya bati.

Mama Neema: Nimepata ya 20V, nyundo ipo, betri mbili, na za akiba anazo. Ameniwashia, nimeshika mdomo wake haupepesuki. Nimelipa 🙏

Baba Mdogo: Umefanya vizuri. Chukua na fisha (vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) za milimita 8, pakiti moja, na biti ya ukuta ya 8. Jumamosi saa nne asubuhi niko kwako, linta naishughulikia mimi, rafu ya jikoni unatoboa mwenyewe nikikuangalia.

Bibi: Wanangu, kiti changu cha uani kimelegea mguu.

Mama Neema: Jumapili tukitoka kanisani tunapanda Kibosho Bibi, nakuja na drili.